Damu, choo, pumzi au kamera: kipimo gani cha tumbo kinamfaa nani

Shangazi yangu wa Majengo, Mombasa, ana mkoba wa zipu anaotilia kitambulisho, risiti za stima na karatasi za hospitali. Mwaka jana aliufungua akanitandazia mkekani karatasi tatu za maabara, kila moja na tarehe yake, zote zikisema jambo moja: H. pylori, bakteria anayeishi tumboni, yumo.

"Mwanangu, nimepimwa mara tatu, nimemeza dawa mara tatu, na moto uko pale pale," akasema. "Wewe usomaye, hebu niambie, hiki kipimo chanipima mimi au chapima mfuko wangu?"

Vyote vitatu vilikuwa vipimo vya damu, vile vya kutobolewa kidole na kungoja dakika chache. Kwa swali alilokuwa nalo, kipimo hicho hakina jibu hata kikirudiwa mara kumi. Hilo nililijua baadaye, baada ya kukaa na madaktari wawili na kusoma usiku mwingi. Ninaandika ulinganisho huu kwa sababu naona watu wengi mjini wanapita njia aliyopita yeye: tumbo likiwaka unakwenda kwa kemisti wa kona kununua omeprazoli ya kupunguza asidi, likiendelea unapimwa damu, likizidi unapigwa ultrasaundi, na kamera, ule mrija unaoingizwa tumboni kupitia mdomoni, inatajwa mwisho kabisa, mtu ameshaanza kutapika.

Aliye na haraka achukue hili aende zake. Kijana mwenye kiungulia na asiye na dalili ya hatari aanze na kipimo cha choo. Mwenye dalili ya hatari, au aliyeanza kuumwa umri ukiwa umekwenda, aende kwenye kamera moja kwa moja. Kipimo cha kupuliza ni kizuri sana ukikipata. Cha damu mimi siwezi kumshauri mtu atoe pesa zake.

Sababu zangu zinaanzia mbali kidogo, nje ya Mombasa, kwenye saratani ya tumbo, ambayo bakteria huyu anaweza kuileta.

Saratani ya tumbo inapungua duniani, sisi hatujui tulipo

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, linakadiria kwamba mwaka 2022 watu karibu 970,000 waligunduliwa na saratani ya tumbo, na karibu 660,000 walikufa kwayo. Kati ya saratani zote ni ya tano kwa wagonjwa wapya na ya tano kwa vifo. Wanaume wanaipata kama mara mbili ya wanawake. Japani, Korea Kusini na Mongolia ziko juu kabisa.

Hesabu hiyo inatisha, lakini ilikotoka ilikuwa mbaya zaidi. Miaka ya 1930 saratani hii ndiyo iliyoongoza kwa vifo vya saratani Marekani. Leo kule imeshuka mbali sana kwenye orodha, na Ulaya na Japani nako viwango vyake vimekuwa vikishuka kwa miongo mingi. Kwa muda mrefu hakuna daktari aliyeishusha. Friji ziliingia majumbani, watu wakaacha kutegemea nyama na samaki wa chumvi na moshi, matunda na mboga vikapatikana mwaka mzima, maji yakasafishwa, na watoto waliokuwa wakilala sita chumba kimoja wakapungua. Hili la mwisho linaonekana dogo, kumbe ndilo kubwa, kwa kuwa H. pylori huambukizwa zaidi utotoni, ndani ya nyumba, mtu kwa mtu.

Bakteria mwenyewe alikuja kujulikana baadaye. Barry Marshall na Robin Warren walimkuza maabara mjini Perth, Australia, mwaka 1982. Wenzao hawakuwaamini, wakati ule iliaminika hakuna kinachoishi kwenye asidi ya tumbo. Mwaka 1984 Marshall akachanganya bakteria kwenye kikombe akanywa, akaugua, akajitibu. Mwaka 1994 shirika la Lyon likamtia H. pylori kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, na mwaka 2005 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobeli. Leo inakubalika kwamba saratani nyingi mno za sehemu ya kati na ya chini ya tumbo, kama tisa kati ya kumi, zinatokana naye. Zile za juu, pale umio unapoungana na tumbo, zina habari nyingine: unene na asidi ya kupanda vinahusika zaidi, na katika baadhi ya nchi tajiri hizo hazikushuka pamoja na wenzake.

Kuna mambo mawili yanaharibu furaha ya kushuka huko. Kiwango kinapungua lakini watu wanaongezeka na kuzeeka, kwa hiyo idadi ya wagonjwa hospitalini haipungui kwa kasi ile ile. Pili, katika baadhi ya nchi, Marekani ikiwemo, wataalamu wameona saratani hii ikipanda miongoni mwa watu wa chini ya miaka 50, wakati kwa wazee inashuka.

Na Afrika? Hapa pana fumbo ambalo madaktari wameligombania tangu mwanzo wa miaka ya 1990. Kwa makadirio ya jumla, watu kama saba kati ya kumi barani wanaishi na H. pylori. Panda matatu ya abiria 14 kutoka Likoni, uwapime wote, na tisa au kumi kati yao wanaweza kuwa naye. Lakini saratani iliyoandikwa kwenye vitabu ni kidogo kuliko vile idadi hiyo ingekufanya utarajie. Wengine wanasema watu wetu wamekufa kwa mengine kabla ya kufikia umri wa saratani hiyo. Wengine wanasema aina ya bakteria wa huku ni mpole zaidi, au chakula, au minyoo ya utotoni imebadilisha namna mwili unavyopambana naye. Wengine, na mimi nawaelekea hawa kwa kiasi, wanasema nchi isiyo na kamera haina saratani ya tumbo kwenye karatasi.

Sikatai maelezo ya bakteria mpole, kwani kuna mfano wa Colombia ambao mtu wa pwani akiusikia hawezi kuusahau. Kule, mji wa bandari wa Tumaco na miji ya milimani upande wa Andes ina maambukizi yanayokaribiana, watu wengi mno wana bakteria. Lakini saratani ya tumbo milimani ni kama mara 25 ya ile ya pwani. Watu wa Tumaco wengi wana asili ya Afrika, na bakteria waliomo tumboni mwao wana asili hiyo hiyo. Ni kama mtu na bakteria wake walizoeana tangu kale. Huku kwetu, utafiti uliofanyika kwenye hospitali ya Chogoria, chini ya Mlima Kenya, na kuchapishwa mwaka 2001, ulionyesha kwamba saratani ya tumbo eneo lile ni nyingi kuliko ilivyodhaniwa. Waliipataje? Walikuwa na kamera, wakawa wanahesabu.

Wajapani waliohamia Hawaii wanafunga mjadala wa damu na ukoo kwa namna yao: watoto na wajukuu wao waliipata saratani hii kwa kiwango cha chini kuliko ndugu zao waliobaki Japani. Nyumba ilibadilika, chakula kikabadilika, tumbo likafuata.

Rudi sasa kwenye ile matatu ya Likoni. Ikiwa watu kumi kati ya 14 wana bakteria, na kati ya wenye bakteria wanaopata saratani maishani ni mmoja mpaka watatu kwa kila mia, karatasi iliyosema "yumo" imekuambia nini? Imekuambia wewe ni abiria kama wengine. Haijasema kwa nini tumbo linawaka, wala kama kuna uvimbe. Haya ndiyo mizani ninayopimia vipimo vyote vinavyofuata.

Damu na choo

Kipimo cha damu kinatafuta askari wa mwili waliotengenezwa kupambana na bakteria. Askari hao hubaki kambini miezi, hata miaka, baada ya adui kuuawa. Ndiyo maana karatasi za shangazi zilifanana: inawezekana dozi ya kwanza ilimmaliza bakteria, na karatasi mbili zilizofuata zilikuwa zikisoma kumbukumbu tu. Akameza dozi mbili, pengine za bure, kila moja mfuko mzima wa vidonge, mdomo mchungu wiki mbili, kuhara juu. Aliyemuuzia hakumdanganya kwa makusudi, nadhani. Alikuwa na kipimo kimoja tu kwenye droo.

Faida ya damu ni mbili: ni rahisi, na haisumbuliwi na dawa unazomeza. Mtu anayetokwa damu tumboni, au asiyeweza kuacha omeprazoli, daktari anaweza kukitumia kwa hesabu zake. Kwa wewe na mimi tunaoingia kliniki kwa miguu yetu, hapana.

Kipimo cha choo kinatafuta vipande vya bakteria mwenyewe. Akiwepo vinaonekana, akiondoka vinatoweka. Kikifanywa vizuri maabara, kinapatia zaidi ya mara tisa kati ya kumi. Ndicho hicho hicho kinachotumika kujua kama dawa zimefanya kazi. Kwa bei kinazidi damu, lakini hakikaribii kamera.

Kinachokiharibu ni watu kutoambiwa masharti. Omeprazoli na ndugu zake zote (esomeprazoli, lansoprazoli, pantoprazoli) ziachwe wiki mbili kabla. Dawa za kuua bakteria, hata ulizomezea koo au mkojo, zipite wiki nne. Usipofanya hivyo bakteria hupungua wakajificha, na karatasi ikasema hayumo ilhali yumo. Mtu akikuambia "lete choo kesho asubuhi" bila kukuuliza unameza nini, muulize wewe. Wiki mbili bila omeprazoli ni ngumu kwa aliyezoea. Dawa za maji za kutuliza asidi huwa zinaruhusiwa kumshikilia, mradi aseme na daktari kwanza.

Halafu kuna aibu. Shangazi alisema hawezi kupanda tuktuk na kikopo cha choo. Nilimwambia atie kwenye kile kile kimkoba cha zipu, alinitazama vibaya. Lakini hiyo aibu ni ya robo saa, na dozi ya bure ni ya siku 14.

Choo na pumzi

Hapa tofauti ni ndogo, sitakaa sana. Kipimo cha kupuliza unakwenda na njaa, unapuliza kwenye mfuko, unameza kidonge au maji yenye urea iliyotiwa alama, unangoja, unapuliza tena. Bakteria ana kimeng'enya kinachovunja urea. Akiwemo, hewa yenye alama inatoka na pumzi. Ni safi, ni sahihi kabisa, na hakuna kikopo. Masharti ya dawa ni yale yale. Kuna aina mbili za alama: kaboni 13 isiyo na mionzi, na kaboni 14 yenye mionzi kidogo ambayo mjamzito na mtoto hawapewi. Uliza ni ipi.

Tatizo ni kukipata. Hakiko kila maabara, na bei yake iko juu ya choo. Kama hospitali yako inacho na bima inalipa, chukua. Kama ni mpaka usafiri Nairobi, baki na kikopo chako.

Kamera na hivyo vingine vyote

Hapa ndipo ulinganisho unapokuwa si wa bei tena. Damu, choo na pumzi vyote vinajibu swali moja: bakteria yumo au hayumo? Hakuna hata kimoja kinachoona kidonda, wala uvimbe, wala damu inayochirizika. Saratani ya tumbo inajulikana kwa njia moja tu: mtu aingize kamera, aione, akate vinofu vidogo, mtaalamu wa maabara avitazame kwa hadubini.

Mwenye dalili hizi asipoteze wiki kwenye kikopo: kukonda bila kujaribu, kutapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, choo cheusi kama lami chenye harufu kali, chakula kukwama kikishuka, kutapika kila siku, kushiba kwa matonge mawili matatu, upungufu wa damu usioelezeka, au uvimbe unaoshikika tumboni. (Vidonge vya madini ya chuma navyo hufanya choo kiwe cheusi. Mwambie daktari kama unavimeza, usije ukakosa usingizi bure.)

Kukonda kwetu hapa kuna hila yake. Mama aliyevaa dera nyumbani na buibui nje, nani atamwona amepungua? Dera halina kiuno. Kwa shangazi tulijua kwa bangili: zile za dhahabu alizovishwa arusini, ambazo miaka yote zilitaka sabuni kutoka, zilianza kuteremka mpaka kwenye vidole akiosha vyombo. Yeye alifurahi. Alisema sukari imeshuka.

Umri nao unahesabiwa, na kila nchi imeuchora mstari wake kulingana na wingi wa ugonjwa kwake. Korea Kusini inawaita watu wote kuanzia miaka 40, kila miaka miwili, hata asiyeumwa. Japani ilianza mwaka 1983 kwa eksirei ya dawa nyeupe ya bariamu, na tangu 2016 inaruhusu kamera kuanzia miaka 50. Marekani, miongozo inasema mwenye tumbo linalosumbua na umri wa 60 au zaidi amulikwe. Uingereza inaangalia 55 pamoja na kukonda. Wakorea wamevuna: zaidi ya saba kati ya kumi ya wagonjwa wao wanafika miaka mitano wakiwa hai, kwa sababu wanaikuta ikiwa ndogo kama punje ya mbaazi. Mahali ambapo kamera hutafutwa mtu akishaanza kutapika, wanaofika huko ni wachache mno.

Kwa nini basi nasi tusiwamulike watu wazima wote wa Mombasa? Kwa sababu kwa kiwango cha ugonjwa kinachojulikana hapa ungetia kamera kwenye matumbo mengi mno yasiyo na kitu, huku anayetapika damu amepewa tarehe ya mbali kwa kuwa foleni ni ndefu. Mashine ni chache, madaktari wa mfumo wa chakula ni wachache zaidi. Mimi naona kamera zilizopo ziwangoje wenye dalili. Kwa asiye na dalili ila baba, mama au ndugu wa tumbo moja aliugua saratani hii, hapo nasema akazungumze na daktari mapema kuhusu yote mawili, bakteria na kamera. Na aliyetoka kwenye ukoo wa milimani wenye kisa hicho asijifariji na hadithi ya pwani. Upepo wa Kizingo hautabadilisha alichoambukizwa utotoni.

Watu wanaogopa kamera kuliko inavyostahili. Unafunga kula saa sita mpaka nane, jambo ambalo kwa aliyezoea Ramadhani si habari. Unapuliziwa dawa ya ganzi kooni, chungu. Ukitaka unachomwa sindano ya usingizi mwepesi. Unalala ubavu wa kushoto, unauma kipande cha plastiki, mrija wenye unene wa kama kidole kidogo unapita. Kazi yenyewe ni dakika chache. Ukichomwa sindano usiendeshe gari wala boda siku hiyo, na uwe na mtu wa kukurudisha. Kutoboka au kutokwa damu hutokea mara chache sana. Mwenye kisukari, au anayemeza dawa za kufanya damu iwe nyepesi, aseme kabla ya tarehe kupangwa.

Kabla hujalipa uliza mambo haya: bei ni ya kamera peke yake, au pamoja na vinofu na uchunguzi wa maabara? Wengi hupewa bei moja, kisha hutajiwa nyingine wakiwa wameshavua viatu. Vinofu vitakatwa hata kama hakuna kinachoonekana? Ripoti ya maandishi nitapewa? Na SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, au bima yako ya kazini, inalipa kipi katika hivyo? Uliza Hospitali ya Rufaa ya Pwani, ile tunayoiita Coast General, kisha uliza na hospitali mbili za binafsi, uzilinganishe kwa maswali yale yale. Bila hivyo utalinganisha embe na ukwaju.

Ultrasaundi, bariamu na vipimo vya damu vya "kansa"

Ultrasaundi ni kipimo kizuri cha ini, nyongo na figo. Tumbo lenyewe limejaa hewa, na hewa ni pazia kwa mashine ile. Shangazi alipigwa, karatasi ikasema kila kitu kiko sawa, akashukuru Mungu. Kilichokuwa sawa ni nyongo.

Bariamu inaonyesha umbo la tumbo na kidonda kikubwa, lakini haikati kinofu. Ukikutwa na kitu utarudi kwenye kamera tu, umelipa mara mbili. Inafaa pale kamera haipo kabisa.

Vile vipimo vya damu vinavyouzwa kwamba vinaonyesha saratani vinaweza kusoma kawaida kwa mgonjwa na kupanda kwa mzima. Vina kazi yake baada ya ugonjwa kujulikana. Kabla ya hapo ni pesa ya kununua hofu.

Na kutibiwa H. pylori kunapunguza saratani kweli?

Ndiyo, na ushahidi ni mzuri. Japani walifuatilia wagonjwa 1,526 na kuchapisha matokeo mwaka 2001: kati ya 1,246 waliokuwa na bakteria, 36 walipata saratani, kati ya 280 wasiokuwa naye, hata mmoja hakupata. Linqu, wilaya ya China yenye saratani nyingi, waliotibiwa wiki mbili tu walifuatiliwa zaidi ya miaka 20 na saratani ikawa pungufu kwa karibu nusu. Visiwa vya Matsu vya Taiwan, walipima na kutibu watu kwa wingi kuanzia 2004, na saratani ikashuka kwa zaidi ya nusu.

Kwa hiyo kijana wa miaka 27 mwenye kiungulia, aliyepimwa choo na kukutwa naye, atibiwe. Faida ni kubwa akitibiwa kabla utando wa tumbo haujaharibika. Dozi iwe ya siku 14, aimalize hata akijisikia vizuri siku ya tano, na asichange dawa na ndugu yake. Baadhi ya dawa zilizozoeleka, hasa klarithromisini, zimeanza kushindwa sehemu nyingi za dunia kwa kutumiwa ovyo, na daktari anaweza kuchagua mseto wenye bismuthi. Baada ya kumaliza, angoje angalau wiki nne, kisha apimwe choo au pumzi kuhakikisha. Asipimwe damu.

Wengine wananiuliza kuhusu chakula. Pilipili ya mshikaki inachoma aliye na kidonda, lakini sijaona ushahidi wa kuitia hatiani kwa saratani. Chumvi nyingi ya kuhifadhia ndiyo inayotajwa kila mahali, na papa na ng'onda wa Marikiti wameoga chumvi. Sisemi muache papa wa nazi; mimi mwenyewe siachi. Alowekwe, amwagiwe maji mara mbili, asiwe wa kila siku. Sigara nayo imo kwenye kesi hii, na mvutaji mwenye H. pylori amebeba mizigo miwili.

Na omeprazoli ya kemisti? Inatuliza kweli, na hapo ndipo ubaya wake. Inaweza kutuliza hata maumivu ya saratani changa, mtu akaona amepona, miezi ikapita. Ukimeza wiki kadhaa, ukaacha, na moto ukarudi, usiongeze kopo jingine kabla ya kupimwa.

Shangazi ana miaka 58 na bangili zilikuwa zimemwambia yaliyobaki. Kwake hatukuhangaika na choo wala pumzi. Alimulikwa, wakakuta kidonda sehemu ya chini ya tumbo, wakakata vinofu pembeni mwake na kwingineko. Siku tisa za kungoja jibu zilikuwa ndefu kuliko Shaaban. Jibu: H. pylori yumo, saratani hakuna. Dozi alizomeza huko nyuma, kumbe, ama hazikumuua au alirudi. Damu isingeweza kutuambia ni lipi.

Lakini kidonda cha tumbo, tofauti na kile cha utumbo mwembamba, hakiachiwi hivyo. Baada ya wiki kadhaa za dawa hutazamwa tena kwa kamera kuhakikisha kimefunga, kwa sababu kuna saratani zinazovaa sura ya kidonda. Nilipomweleza alinyamaza, akazungusha bangili mkononi, akauliza tarehe. Kisha akasema, "Siku hiyo nataka unipeleke wewe. Yule binti wa jirani alilia mpaka nesi akamletea maji yeye, mimi mgonjwa nikaachwa na kiu."